Ripoti ya Mtoto Isisubiri Mwaka wa Mtihani

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walimu wa chekechea waliokutana Kihoto, Naivasha. Tumeyachapa kwa ombi la wazazi ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.

Najua kuna waliotoka zamu ya asubuhi moja kwa moja hadi hapa na hawajatia kitu tumboni, kwa hivyo sitawazungusha.

Nianze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Mitihani ya kitaifa si ya kaunti. Inaendeshwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na shule za msingi na za sekondari ziko chini ya Wizara ya Elimu. Sisi wa kaunti, Katiba ya 2010 ilitupatia chekechea, yaani PP1 na PP2, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi mtauliza, huyu mtu wa kaunti amekuja kutuambia nini kuhusu mtihani? Nimekuja kwa sababu haki ya mtoto mwenye mahitaji maalum ndani ya chumba cha mtihani hutegemea karatasi moja, na karatasi hiyo inafaa ianze kutafutwa mtoto angali chekechea. Wengi huikumbuka mtoto akiwa Gredi ya 9 au Kidato cha Nne, na hapo maji yamekwisha kumwagika.

Haki zenyewe ni zipi? Mtahiniwa asiyeona huletewa karatasi ya Breli. Anayeona kwa shida, wakiwemo wengi wenye ualbino, huletewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Mwanafunzi kiziwi hufanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili, na hilo si jambo dogo. Maana yake ni kwamba lugha anayoongea kwa mikono kila siku inahesabiwa kuwa somo kamili, lenye alama zake. Walio na watoto katika Shule ya Viziwi ya Ngala, pale Nakuru, wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Juu ya hayo kuna muda: dakika 30 za ziada kwa kila karatasi. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ni ya saa 2 na nusu; kwa mtahiniwa huyu inakuwa saa 3.

Kila ninapotaja hizo dakika 30 kuna mtu hunong'ona kwamba ni upendeleo. Tuliongee wazi. Anayesoma kwa macho, akitaka kurudi kwenye swali, hutupa jicho mara moja akalipata. Anayesoma kwa vidole hana jicho la kutupa. Lazima aipapase mistari mpaka aufikie ule anaoutaka. Kuna wengine ambao misuli ya mkono haiwatii, na kila herufi kwao ni kama kubeba jiwe. Muda hauwapi majibu. Asiyejua kutafuta eneo la duara hatalijua kwa kuongezewa nusu saa. Na mbona hatumwambii mtahiniwa avue miwani mlangoni ili alingane na wenzake?

Majirani zetu wa Tanzania wanapiga hesabu tofauti. Baraza lao la mitihani, NECTA, huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa karatasi ya Hisabati ya saa 3, hiyo ni saa nzima. Mimi naona hesabu yao ina busara kuliko yetu, kwa sababu karatasi ndefu huchosha zaidi, na Hisabati ya kusoma kwa vidole ni mlima. Hayo ni maoni yangu mwenyewe. Msitoke hapa mkisema gavana amesema.

Sasa tuje kwenye hiyo karatasi moja. Inaitwa ripoti ya tathmini, na hutolewa na vituo vinavyojulikana kama EARC. Si vitu vipya. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka 2 baadaye, 1986, serikali ikaanzisha taasisi ya elimu maalum, KISE, pale Kasarani, Nairobi. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kituo cha karibu. Huko utakuta mtu aliyesomea kazi hiyo. Atakaa na mtoto, atakuuliza wewe mzazi maswali mengi, halafu ataandika alichokiona na kile mtoto anachohitaji darasani. Mwalimu mkuu anaposajili watahiniwa mwanzoni mwa mwaka, humsajili mtoto pamoja na mahitaji yake, na ripoti ndiyo ushahidi wake. KNEC nao huandaa karatasi kwa kufuata walivyosajiliwa. Ukija na ombi lako wiki ya mtihani, hata msimamizi awe na huruma namna gani, hawezi kukuchapia Breli dirishani saa mbili asubuhi.

Mtaala huu wa umilisi umeifanya ripoti iwe ya haraka zaidi. Zamani ungeweza kusema mtihani ni wa mwisho, tutajipanga. Siku hizi alama za kumpangia mtoto sekondari pevu zinakusanywa njiani. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine hutoka kwa kazi anazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. KJSEA ya Gredi ya 9 ndiyo asilimia 60 inayobaki. Kwa hivyo mzazi anayetafuta ripoti mtoto akiwa Gredi ya 9 anaitafuta wakati alama 40 katika kila 100 zimeshapatikana, au zimeshapotea, bila msaada wowote. Kuna pia watoto ambao hawafuati njia hiyo kabisa; wao hufuata njia ya hatua na wana tathmini yao, KILEA. Hata hao njia yao huanzia kituoni.

Mtoto asiyeona, au asiyesikia kabisa, hata jirani anamjua. Anayenisumbua mimi ni yule asiyeonekana. Mtoto anaongea vizuri, anacheza, ukimtuma dukani analeta chenji sawasawa. Lakini mpe kitabu. Herufi alizozijua jana leo hazijui. Anaruka mistari, anaandika jina lake kwa namna 3 tofauti katika ukurasa mmoja. Huenda ni disleksia, tatizo la kusoma ambalo halina uhusiano na akili ya mtoto kuwa ndogo. Huenda pia ni macho tu, au sikio moja linalotoka usaha tangu utotoni. Ndiyo maana nasema anzeni na kituo cha afya, macho na masikio yaangaliwe kwanza, halafu mwende kwenye tathmini. Kumchapa hakusaidii. Kumrudisha darasa mwaka baada ya mwaka hakusaidii pia, kwa sababu anarudia yaleyale kwa njia ileile iliyomshinda.

Na kuna lugha. Hapa Kihoto ukigonga milango 10 utasalimiwa kwa lugha 5 au 6: Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikisii, Kiturukana. Watu walifuata kazi ya maua na watoto wakazaliwa katikati ya hiyo mchanganyiko. Sera ya elimu inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake mpaka Gredi ya 3, na penye watu wa makabila mengi kama hapa, lugha hiyo ni Kiswahili. Kiingereza kinakuwa cha kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Sisi wazazi lakini tunakimbilia shule inayojigamba kwamba mtoto wa miaka 4 haongei ila Kiingereza, na tunalipa pesa ya ziada kwa hilo. Mtoto anakariri nyimbo na rangi, tunafurahi. Akifika Gredi ya 5, swali la Sayansi linamtaka aeleze kwa nini maji yamekauka, na hana maneno.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini: zile dakika 30 hazitolewi kwa sababu Kiingereza kimemshinda mtoto. Hakuna fomu ya hilo. Anayekwama kwa lugha anasaidiwa darasani, mapema, au hasaidiwi kabisa. Ndipo inapokuwa muhimu kutofautisha watoto wawili wanaofanana. Mmoja ana shida ya lugha tu, na tunamwita mzito. Mwingine ana shida ya kusoma hasa, na tunajifariji kwamba ni Kiingereza, kitakuja tu.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya jikoni. Mwulize mtoto swali lile la shule kwa lugha mnayoongea nyumbani. Kama ni hesabu ya maneno, msomee wewe mwenyewe, kwa Kijaluo, kwa Kikuyu, kwa chochote. Akikueleza vizuri mpaka jibu, basi kichwani yuko sawa, na mazungumzo yako na mwalimu ni ya lugha. Akikueleza vizuri kwa mdomo lakini hawezi kusoma hata maneno mepesi ya lugha hiyohiyo, na ameshafundishwa miaka 2 au 3, usingoje. Akishindwa kufuata hata unapoongea naye kwa lugha yake, usingoje vilevile. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya EARC. Kinakusaidia tu kujua utakaloenda kumwambia mwalimu, badala ya kusema "huyu hataki kusoma".

Jambo la mwisho linahusu mtaa huu hasa. Mwaka 2025, ziwa lilipopanda likaingia humu ndani, watu waliokoa godoro, jiko na mtungi wa gesi. Nani angekumbuka bahasha iliyokuwa chini ya kitanda? Kuna familia zilizohamia upande mwingine wa Naivasha, na nyingine zilirudi mashambani. Hata bila ziwa, kibarua kikiisha kwenye shamba moja la maua, familia huhama, na mtoto anaanza shule mpya katikati ya muhula. Mwalimu mpya hajui kwamba huyu alikuwa akiketishwa mbele, wala kwamba alishapimwa. Anaona tu mtoto aliyebaki nyuma, na miaka inaanza kuhesabiwa upya.

Kwa hivyo ripoti ikitoka, ipige picha siku hiyohiyo, utume kwa simu ya mtu mwingine wa familia, ili simu yako ikipotea isipotee na ripoti. Nakala moja ibaki shuleni kwenye faili ya mtoto. Mkihama, usichukue barua ya uhamisho peke yake. Omba na nakala ya faili hiyo, kisha umkabidhi mwalimu mkuu mpya mkononi na umweleze ni ya nini. Walioipoteza kwenye mafuriko warudi kituo kilekile kilichompima mtoto wakaulizie nakala kabla ya kuanza upya.

Na msiogope jina. Najua kuna nyumba ambako mtoto anafichwa wageni wakija, kwa kuogopa kwamba akiandikwa "mahitaji maalum" ataitwa hivyo maisha yote. Watoto wenzake tayari wana jina walilompa, na si zuri. Ripoti angalau inamwambia mwalimu la kufanya.

Walimu wetu wa chekechea wamekaa pale chini ya mti. Hawa ni waajiriwa wa kaunti, na mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mtoto anapokwama. Mwenye wasiwasi na mtoto wake asogee kwao tukimaliza, awe na daftari la mtoto ikiwezekana. Na mkienda kituoni, bebeni kadi ya kliniki ya utotoni, kwa maana wataulizia mtoto alizaliwaje, aliugua nini, na alianza kuongea lini.