Kifafa cha Mbwa si Kichaa cha Mbwa

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yako wazi. Ambaye hakulisikia somo hili katika redio atalisoma hapa polepole. Neno lisiloeleweka lipigiwe mstari, kisha mwulizeni mwalimu.

Leo tutazungumza juu ya mbwa. Najua wengine watacheka na kusema, "Hata mbwa naye ana somo?" Ngojeni kwanza. Somo hili linahusu uhai wa mbwa, na linahusu pia uhai wa mtu.

Mfano wetu

Fikirini ghala moja katika Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Ghala lina mlinzi wa usiku, na mlinzi ana mbwa wake, jina lake Simba. Alfajiri moja, wakati magari yanateremsha nyanya na vitunguu, Simba anasimama ghafla. Anakodoa macho kama anayetazama kitu, wala hapana kitu. Kisha anaanguka ubavu. Miguu inakakamaa, halafu inapigapiga kama ya mtu anayeogelea. Meno yanagongana, povu linatoka kinywani, mkojo unamtoka.

Mara watu wamejaa. Mchukuzi mmoja anapiga kelele, "Kichaa! Huyo mbwa ana kichaa!" Kijana anaokota jiwe. Mtu mwingine, mwenye huruma, anainama amshike mbwa kichwa. Kabla ya dakika mbili kupita, Simba ametulia. Anahema, anajaribu kusimama, anayumba.

Je, katika watu hao, ni nani aliyefanya sawa? Hakuna hata mmoja. Mwenye jiwe angeweza kumwua mbwa ambaye angeishi miaka mingi. Mwenye huruma angeweza kuumwa. Na kama kweli mbwa alikuwa na kichaa, huruma ile ingemletea mauti. Wote wawili walitenda kabla ya kujua.

Kifafa ni nini?

Ubongo ndio unaotawala mwili. Hufanya kazi kwa nguvu ndogo sana za umeme, ambazo hupita kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa utaratibu. Ufananisheni na soko letu. Muuza ndizi anasema na mteja wake, muuza samaki anasema na wake, na kazi inakwenda. Lakini wote wakipiga mayowe kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake, na kazi inasimama. Ndivyo ilivyo katika ubongo wakati wa kifafa. Mayowe yakiisha, kazi hurudi.

Basi kifafa si shetani, wala si uchawi wa jirani. Tena hakiambukizi. Mbwa hapati kifafa kwa mbwa mwenzake, wala mtu hapati kwa mbwa.

Mbwa wengine huzaliwa na asili ya ugonjwa huu. Wengi wao huanza kuanguka wakiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 6. Lakini si kila mbwa anayeanguka ana kifafa cha namna hiyo. Huenda amekula sumu ya panya au ya wadudu. Huenda amegongwa kichwa na gari. Huenda ini lake limeharibika, au ana ugonjwa uitwao distempa. Kwa hiyo yafaa daktari wa mifugo amwangalie kwanza.

Kifafa na kichaa

Hapa tusome polepole.

Mbwa mwenye kifafa huanguka, na baada ya dakika moja au mbili hutulia. Kwa muda huyumba, hugonga vitu kama kipofu, pengine hutaka chakula kwa pupa. Baada ya hapo hurudia hali yake. Kesho utamwona mzima.

Mbwa mwenye kichaa hazidi kupona. Kila siku anazidi kuharibika. Aliyekuwa mpole anauma, na aliyekuwa mkali huenda akawa kama mpole. Taya linalegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, sauti yake inabadilika. Mwisho miguu hupooza. Tangu dalili zionekane, kwa kawaida hapiti siku 10 kabla ya kufa.

Lakini sikilizeni vizuri: kichaa nacho kinaweza kumwangusha mbwa kama kifafa. Kwa hiyo, siku ya kwanza, macho peke yake hayatoshi. Ulizeni maswali mawili. Je, mbwa huyu amechanjwa chanjo ya kichaa? Je, siku zilizopita ameumwa na mbwa mwingine, au ameuma mtu? Kama hakuchanjwa, au hakuna anayejua, msimguse. Waondoeni watoto, mfungieni uani bila kumshika, kisha mwiteni bwana mifugo.

Na mtu akiumwa, au akikwaruzwa na meno, je? Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha aende hospitali siku ile ile akapate chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini akichanjwa mapema, anaokoka. Chanjo hii si jambo la jana: Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa mwaka 1885.

Mbwa naye achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sikilizeni matangazo, kwa maana mahali pengi huwa kuna chanjo siku hizo. Na mwenye mbwa aitunze kadi ya chanjo. Siku mbwa wake atakapoanguka mbele ya watu, kadi hiyo ndiyo itakayomkinga na mawe.

Mbwa akianguka, fanya haya

Sasa tuseme Simba amechanjwa, na daktari amekwisha sema kwamba ni kifafa. Akianguka tena, mlinzi afanye hivi:

1. Atazame saa. Aandike kifafa kimeanza saa ngapi na kimekwisha saa ngapi.

2. Aondoe vitu vinavyoweza kumwumiza, kama masanduku na chuma. Kama mbwa yuko karibu na mtaro, amvute kwa miguu ya nyuma au kwa gunia, polepole.

3. Asitie mkono, kijiko wala kijiti kinywani mwa mbwa. Mbwa hatameza ulimi wake. Lakini anaweza kumng'ata mtu vibaya bila kujua.

4. Asimmwagie maji kinywani wala asimpe dawa ya kumeza wakati ule. Yatamwingia mapafuni.

5. Apunguze kelele na mwanga, na watu watawanyike. Joto la Dar es Salaam ni kali, na mwili wa mbwa hupata moto wakati wa kifafa. Kikikwisha, amweke kivulini na kumfuta kwa kitambaa chenye maji.

6. Kifafa kikipita dakika 5, au mbwa akianguka mara 2 au zaidi katika siku moja, hiyo ni hatari. Apelekwe kwa daktari mara moja.

Jambo jingine ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa shingoni kwa mnyororo mfupi anaweza kujinyonga akianguka. Mbwa wa namna hii ni heri akae ndani ya ua uliofungwa.

Dawa

Dawa inayotumika sana kwa kifafa cha mbwa ni fenobabitoni. Ni dawa ile ile wanayopewa watu. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, alionyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na mpaka leo ingali inatumika.

Nchi yetu inaifahamu dawa hii vizuri. Huko Mahenge, katika Mkoa wa Morogoro, kifafa kimewapata watu wengi. Zamani wagonjwa waliogopwa na kutengwa, na wengine walianguka motoni wakaungua. Daktari mwanamke mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko katika miaka ya 1960, na dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni. Watu waliodhaniwa kuwa hawana tumaini walipata nafuu wakarudi shambani kulima. Kama binadamu walidhaniwa vibaya hivyo, si ajabu mbwa naye kudhaniwa ana kichaa.

Basi shikeni haya juu ya dawa. Kipimo hutolewa na daktari kwa kufuata uzito wa mbwa. Usikisie, wala usinunue vidonge vya kuokoteza sokoni. Kwa kawaida mbwa hupewa mara mbili kila siku, na kati ya mara moja na nyingine zipite saa 12. Hapa kwetu ni rahisi kukumbuka: saa 12 asubuhi jua linapochomoza, na saa 12 jioni linapotua. Kidonge kifichwe ndani ya tonge la ugali lenye dagaa. Hata mtu ambaye kwa dini yake hapendi kuguswa na mate ya mbwa ataweza kumtupia tonge hilo.

Majuma ya kwanza mbwa atasinzia na kuyumba kidogo. Atakunywa maji mengi, atakula sana na kukojoa mara nyingi. Usiogope. Lakini macho yakigeuka manjano, au akikataa chakula, mrudishe kwa daktari, kwa maana dawa hii yaweza kudhuru ini. Daktari atataka kumpima damu mara kwa mara.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: dawa isikatwe ghafla. Mbwa akikaa miezi mitatu bila kuanguka, mwenyewe husema, "Amepona, ya nini kupoteza fedha?" Anaacha. Baada ya siku chache kifafa kinarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kinafuatana kimoja juu ya kingine, na mbwa anaweza kufa. Mbwa hakuwa amepona. Dawa ilikuwa inamlinda. Kama fedha zimepungua, mwambie daktari mapema, naye atakuonyesha namna ya kupunguza polepole. Tena ujue kwamba mbwa wengi hawaachi kuanguka kabisa. Aliyekuwa akianguka kila juma, akianguka mara moja kwa miezi kadhaa, dawa imefanya kazi.

Kazi ya daftari

Sasa mtaona kwa nini somo hili limeletwa kwenu ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika. Mlinzi hufika jioni, na mwenye duka hufika asubuhi. Jioni mlinzi anadhani mwenye duka amekwisha toa dawa. Asubuhi mwenye duka anadhani mlinzi ametoa. Simba anakosa mara mbili, anaanguka. Au kila mmoja anatoa, na Simba anapata dawa kupita kiasi. Hapana aliye mwovu. Kilichokosekana ni maandishi.

Daftari la bei nafuu, likitundikwa mlangoni pamoja na kalamu, litaokoa mbwa huyo. Someni ukurasa huu:

*Jumatatu. Saa 12 asubuhi: amepewa. Saa 12 jioni: amepewa.*

*Jumanne. Saa 12 asubuhi: amepewa. Saa 12 jioni: amepewa. Saa 8 usiku: ameanguka, dakika 1 na nusu. Saa 9 usiku: amerudia hali yake.*

*Jumatano. Saa 12 asubuhi: amepewa. Saa 12 jioni: amepewa.*

Mistari hiyo ni michache, lakini daktari akiisoma atajua kama dawa inatosha au haitoshi. Mbwa hawezi kusema. Daftari litasema kwa niaba yake. Na mtu ambaye mwaka jana hakujua kuandika jina lake, leo anaandika maneno ambayo daktari anayategemea.

Ndugu wasikilizaji, tunayafuga mabwa haya yatulindie mali usiku wakati sisi tumelala. Likianguka moja mbele yenu, msikimbilie jiwe, wala msikimbilie kulishika. Simameni mbali, tazameni saa, ulizeni kadi ya chanjo, mwiteni bwana mifugo. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya darasa

1. Taja tofauti mbili kati ya kifafa na kichaa cha mbwa.

2. Kwa nini mtu aliyeumwa na mbwa asingoje nyumbani?

3. Kwa nini ni hatari kukata dawa ghafla?

4. Hesabu: Simba hupewa kidonge 1 asubuhi na 1 jioni. Vidonge 60 vitatosha siku ngapi? Ukitaka kununua vingine siku 10 kabla havijaisha, utanunua vikibaki vingapi?

5. Chora ukurasa wa daftari la juma zima, kisha uandike siku zote saba.