Jiko la mkaa chumbani na oksijeni ya damu

Msikilizaji, baridi ya Njombe au Limuru ikizidi, jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Ili kuona hatari yake, tuanze na damu yenyewe. Ndani ya chembe nyekundu mna protini iitwayo himoglobini, yenye madini ya chuma sehemu nne; kila sehemu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuiachia mwilini inapohitajika. Kwenye misuli ipo nyingine, mayoglobini, inayoipokea na kuiweka akiba.

Sasa, tatizo liko wapi? Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Himoglobini huing'ang'ania zaidi ya mara 200 ya inavyoshika oksijeni. Ni kama abiria aliyekalia kiti cha daladala na kukataa kushuka. Tena, kile kipimo cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni iko sawa, maana hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Dalili za kuivuta gesi hiyo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito: ni rahisi kudhani ni malaria.

Wanaotumia mkaa nao wana hoja. Mkaa hununuliwa kwa kopo. Mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Tanzania inalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo zuri, ila hilo ni la kupika. Hapa tunazungumzia kuota moto. Je, mwenye chumba kimoja kwenye baridi hiyo akiambiwa alitoe jiko nje, ajipashe joto kwa kitu gani?