Mwenzetu Aliyeumia Ubongo Anaporudi Nyumbani

Huku Eastlands, kuanzia Dandora hadi Kayole, tunawajua waliogongwa wakiwa kwenye bodaboda wakaumia kichwa. Kidonda kikifunga, majirani husema, "Baba amepona." Mkewe anajua bado.

Ubongo ulioumia huchoka upesi. Mtu husahau jiko likiwaka, hufoka kwa neno dogo, hulala mchana kutwa. Huo si uvivu, wala hajarogwa. Kupona huchukua miezi, hata miaka.

Basi tufanye nini nyumbani?

1. Tuandike ratiba ukutani: kuoga, chai, dawa, matembezi.
2. Tumwambie jambo moja moja, kwa maneno mafupi.
3. Tupunguze kelele za redio.
4. Afunge vifungo vyake mwenyewe, hata akichelewa.
5. Pombe asiguse kabisa.

Akishikwa na kifafa, akitapika, au kichwa kikizidi kuuma, akimbizwe hospitali, kama vile Mama Lucy Kibaki.

Na yule mama je? Anauza mboga, anamwosha mume, anatukanwa, kisha analia peke yake. Kikundi kisiishie kuchanga pesa za matibabu. Tupange zamu: kila Jumamosi mmoja wetu akae na mgonjwa muda wa saa mbili, mama aende sokoni, au alale tu. Ulemavu ukibaki, tumsindikize kumwandikisha mumewe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuushike kidogo, tutajua uzito wake.

Tuzungumze: katika ploti yetu, nani anauguza peke yake?