Mbegu, Jembe na Shamba: Mapendo kwa Wakimbizi wa Vita



Wasikilizaji wapendwa, katika somo lililopita tulieleza matendo saba ya huruma yahusuyo mwili. Leo tutaeleza yapasavyo kutendwa kwa jamaa zilizofukuzwa makwao na vita, maana jambo hili liko mlangoni petu.

Sisi watu wa Kindu twaijua njaa ya vita. Mwezi wa Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuteka mji wetu. Mwaka 2002 mapigano kati yao na Mai-Mai yaliufunga mji; watu waliogopa kwenda mashambani, na wenye mashamba wakakosa chakula. Tena, Januari na Februari 2025, M23 walipoteka Goma na Bukavu, jamaa nyingi za Kivu zilikimbia, na baadhi zikafika hata Maniema. Basi aliyekuwa mhitaji jana anaombwa leo kuwa msaidizi.

Msaada wa kwanza hutoka nyumbani. Katika Kongo wengi wa waliokimbia hawakai kambini, bali hupokelewa na jamaa nyingine. Chungu cha watu sita hupikia watu kumi na wawili, na mpunga wa ghalani huisha kabla ya wakati wake. Kwa hiyo wagawao msaada kwa busara huwakumbuka pia wenyeji waliopokea wageni.

Lakini kushiba kwa siku moja si kusimama. Mkimbizi asiye na shamba huamka alfajiri kulima shamba la mwingine, apate muhogo wa jioni. Siku za kupanda zinapita akiwa katika shamba lisilo lake, na msimu ufuatao njaa yake ni ile ile. Ndiyo maana msaada mwema hugawa mbegu na majembe kabla ya majira ya kupanda, na pamoja na mbegu hugawa chakula. Kwa nini vyote viwili? Mama aliye na watoto wenye njaa atapika mbegu, na nani atamlaumu? Chakula kile huilinda mbegu mpaka iingie udongoni.

Hata hivyo, mbegu na jembe pasipo shamba ni mzigo tu. Nalo shamba halitoki Roma wala Kinshasa. Liko mikononi mwetu. Mwenye kichaka asichokilima amwazime mkimbizi sehemu yake, kwa mapatano mbele ya chifu na mashahidi. Asimdai nusu ya mavuno. Wala asimfukuze mpunga unapoiva, maana kufanya hivyo ni kuiba jasho la mtu. Vilevile ajiandikishaye katika orodha ya msaada bila haki anamnyang'anya mtoto sahani yake.

Wakristu wa Antiokia, waliposikia habari ya njaa, walichanga kadiri ya uwezo wao, wakapeleka msaada kwa ndugu zao wa Yudea. Naye Bwana wetu, akiwa mtoto mchanga, alibebwa mkimbizi hata Misri. Ampokeaye mkimbizi anampokea yeye.

Tushike maswali haya:

Swali: Je, tukimpa mkimbizi chakula tumemaliza wajibu wetu?
Jibu: Hapana. Yatupasa kumsaidia hata aweze kuilisha jamaa yake kwa kazi ya mikono yake.

Swali: Asiye na mali atatoa nini?
Jibu: Atatoa mahali pa kulala, siku moja ya kulima pamoja naye, na ushuhuda wa kweli mbele ya chifu.

Juma hili kila jumuiya itafute jamaa moja ya wakimbizi iliyo karibu, iulize wamekosa nini, kisha watu waafikiane nani atatoa kipande cha shamba, na nani siku za kulima.

Ee Mungu, uliyemlinda Mwanao ugenini, utupe moyo wa kupokea na mikono ya kusaidia. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.