Nani Alale, Nani Akeshe?

Tumeulizwa kama ndege za safari ndefu za ndani ya nchi ziwekwe viti vya kulala. Marekani vipo: kutoka New York mpaka Los Angeles ni karibu saa sita, na mwenye fedha hujinyoosha. Kwetu, ndege ya Nairobi mpaka Eldoret haifiki saa moja. Kabla hujasinzia, umeshuka.

Sisi watu wa reli tunajua usingizi unatakiwa wapi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Zamani za ukoloni, daraja la kwanza na la pili walikuwa na vitanda. Mwafrika wa daraja la tatu alikesha juu ya benchi, na asubuhi kazi ilimngoja. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina treni ya usiku, lakini madaraja yote ni viti tu. Usawa wa kukesha wote sio tuliouomba.

Basi shauri letu ni hili: kitanda kifuate urefu wa usiku, si unene wa mfuko. Mchukuzi na mkulima nao walale. Kwa hilo tusimame pamoja.