Nasaba ya Jua na Nasaba ya Mwezi



Wengi wetu tumeziona taa ziwakazo katika nyumba za Wahindi wakati wa Diwali, tukaulizana zawashwa kwa ajili gani. Basi leo twapenda kuwaeleza habari za wafalme wa kale wasimuliwao katika vitabu vya Wahindu.

Vitabu hivyo vyasema ya kwamba asili ya wafalme hao ni Manu, mwana wa Jua. Mwanawe Ikshvaku alitawala Ayodhya, ukingoni mwa mto Sarayu. Wazao wake huitwa nasaba ya Jua. Binti yake Ila aliolewa na Budha, mwana wa Mwezi, akamzaa Pururavas. Hao ndio nasaba ya Mwezi, ambao baadaye walikaa Hastinapura.

Katika nasaba ya Jua alikuwako Dasharatha, aliyemwahidi mkewe Kaikeyi mambo mawili. Siku alipotaka kumtawaza Rama, mwanawe wa kwanza, Kaikeyi akadai ahadi yake: mwanawe mwenyewe Bharata atawale, na Rama akae mwituni miaka 14. Mfalme alihuzunika mno, walakini Rama hakukubali neno la baba yake livunjwe, akaenda zake. Naye Bharata akakataa kukikalia kiti; aliweka juu yake viatu vya Rama, akaiangalia nchi kama wakili tu, hata ndugu yake aliporudi. Kwa Wahindu wengi, taa za Diwali ni za kumlaki Rama.

Katika nasaba ya Mwezi mambo yalikuwa kinyume. Dhritarashtra alikuwa mkubwa, bali kwa kuwa ni kipofu alitawazwa Pandu, mdogo wake. Wana wao wakagombea urithi. Mwisho wana watano wa Pandu waliomba vijiji vitano tu. Duryodhana, mwana wa kipofu, akajibu kwamba hatatoa hata ardhi ya kutosha ncha ya sindano. Vita vikapiganwa Kurukshetra siku 18, na wana 100 aliowazaa Gandhari, mke wa yule kipofu, wakaangamia wote.

Mabwana, mashauri ya mipaka na urithi hayaishi katika mabaraza yetu. Mwenye kuyaamua na akumbuke vile viatu juu ya kiti, na ile ncha ya sindano. Ahadi ni deni, na vijiji vitano si vingi kwa kununua amani.