Wageni wa Meli na Baiskeli Zetu

(Maneno haya yalitolewa na vijana wa kikundi cha kutembeza wageni kwa baiskeli mjini Mombasa, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia.)

Mmetuuliza jambo moja: je, kikundi cha watu wa kawaida, wasio na hoteli wala gari, kinaweza kupata riziki kwa wageni wanaoshuka melini? Tutajibu kwa yale tunayoyafanya kila msimu, mazuri na magumu yake.

Kwanza tueleze hizo meli. Meli za watalii hufika bandari ya Kilindini hasa kati ya Oktoba na Aprili, wakati kwao Ulaya ni baridi. Nyingine ni ndogo, nyingine ni kama mtaa mzima unaoelea. Januari 2024, kwa mfano, iliingia Norwegian Dawn, meli inayoweza kuchukua abiria zaidi ya 2,000. Wengi hupanda magari kwenda kuona wanyama Tsavo au Shimba Hills. Lakini wako wasiotaka kukaa garini siku nzima. Hao wanataka kuuona mji, kunusa viungo sokoni, kunyosha miguu baada ya siku nyingi baharini. Hao ndio wageni wetu.

Sasa, mgeni wa meli si kama mgeni wa hoteli. Analala melini, anakula melini, na amekwisha lipa huko. Pesa anayoacha nchi kavu ni ile tu ya saa chache alizoshuka. Tena ana saa yake ya kurudi. Akinunua safari kupitia meli yenyewe, meli humngojea akichelewa. Akishuka kivyake, haimngoji. Itang'oa nanga, naye atabaki gatini akiitazama. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachomwuliza mgeni, hata kabla ya jina lake, ni saa ya mwisho ya kurudi melini.

Na hapo pana mtego. Sisi tukisema saa kumi, ni saa kumi za jioni. Mgeni yeye husikia saa nne za usiku! Tena saa za meli wakati mwingine haziwi sawa na saa za hapa. Kwa hiyo hatutegemei mdomo. Tunaandika kwenye ubao, kwa tarakimu, 16:00, kisha tunazilinganisha saa za mkononi, ya kwetu na ya kwake. Na tunapanga wafike bandarini saa moja na nusu kabla ya muda wao wa mwisho. Tairi ikipasuka au barabara ikifungwa, bado tuko salama.

Njia yenyewe si ndefu. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo. Tunapita Moi Avenue asubuhi mapema kabla magari hayajajaa, tunasimama kwenye zile pembe kubwa za ndovu, halafu tunateremka Mama Ngina Drive kwenye mibuyu na upepo wa bahari. Kutoka hapo twaenda Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, na ambayo Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka 2011 ngome hii iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kisha tunaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, tunaona Bandari ya Kale, na tunamalizia Marikiti kwenye pilipili, mdalasini na iliki.

Tukifika Mji wa Kale tunashuka, tunakokota baiskeli. Vichochoro vile ni vyembamba, watoto wanacheza, mama ameketi barazani kwake. Kabla hatujampeleka mgeni hata mmoja, tulikwenda kwa wazee wa mtaa tukaketi nao. Walitwambia waziwazi: mtaa huu ni nyumba za watu, si maonyesho. Tukakubaliana mambo matatu. Hakuna kupiga picha ya mtu bila ruhusa yake. Wakati wa swala hatupiti mbele ya msikiti kwa kelele. Na mgeni anayeingia mtaani awe amejisitiri mabega na magoti. Kwa hiyo tunabeba kanga kadhaa za kuazima. Mgeni akieleweshwa kwa upole hakatai. Wengi huishia kuinunua ile kanga.

Nao mtaa ufaidike pia. Hatuwalishi wageni wetu wenyewe. Tunawapeleka kwa mama mmoja apikaye mahamri na mbaazi, kisha kwa mzee wa kahawa chungu. Baiskeli zinatengenezwa na fundi wa mtaani. Siku ya meli, pesa inapita mikono mingi, na ndiyo sababu hakuna anayetuwekea mawe njiani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini akipona mwenyeji mmoja tu, wengine watamchukia huyo mgeni.

Sasa tuje kwenye usalama, maana hii kazi si mchezo. Umebeba maisha ya mtu. Wengi wa wageni wetu wanatoka Ujerumani au Marekani, ambako magari hupita kulia. Hapa kwetu ni kushoto. Akifika kwenye makutano, macho yake yanatazama upande usiofaa. Kwa hiyo mmoja wetu hutangulia mbele, mwingine hubaki nyuma kabisa, na hatuchukui wageni zaidi ya wanane kwa kundi moja.

Tena kuna jambo la breki ambalo watu wengi hawalijui. Kwa desturi ya Kiingereza tuliyoirithi, breki ya mkono wa kulia ndiyo hushika gurudumu la mbele. Kwao, mara nyingi ni ya mkono wa kushoto. Mgeni akishtuka akaibana kwa nguvu ile asiyoizoea, huruka juu ya usukani. Kwa sababu hiyo kila mgeni huzunguka kwanza uwanjani dakika kumi, akijaribu breki, kabla hatujaingia barabarani.

Baiskeli tunazotumia ni za mitumba, zenye giya. Ile Black Mamba yetu ni imara na inabeba magunia, lakini ni nzito mno kwa mgeni katika joto la Mombasa. Yule wa nyuma hubeba pampu, viraka, gundi, tyubu mbili na maji. Kila jioni kabla ya meli kuingia, tunakagua mnyororo, breki, spoku na urefu wa kiti.

Msisahau sheria. Kuongoza watalii Kenya ni kazi ya leseni, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na anayesimamia ni Tourism Regulatory Authority. Nacho kikundi kinasajiliwa kupitia ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kwa sheria ya vikundi ya 2022. Usiseme utasajili baadaye. Askari wa bandari hatazami sura yako nzuri, anatazama karatasi.

Tena karatasi ndiyo iliyotuokoa. Msimu mmoja tulitembeza wageni wa meli mbili tulioletewa na wakala wa mjini. Tulikuwa na mapatano yaliyotiwa sahihi: malipo ndani ya siku 14. Siku 14 zikapita. Mwezi ukapita. Tukipiga simu tunaambiwa bosi amesafiri. Miezi mitatu! Shule zimefunguliwa, mwenzetu mmoja hana karo ya mtoto, fundi anadai, mama wa mahamri anadai. Mkutano ule ulikuwa wa moto. Wako waliosema tuuze baiskeli tugawane, kila mtu ashike njia yake.

Mweka hazina wetu hakubishana na mtu. Alifungua daftari, akasoma: tarehe, jina la meli, idadi ya wageni, sahihi ya aliyewapokea. Halafu tukaandika barua. Tukamweleza yule wakala kwamba iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, nayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa kumalizika kwa siku 60. Kwa mahakama hiyo mtu anaweza kujisemea bila wakili. Tukaambatisha nakala za mapatano. Wiki ile ile alilipa, yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini yetu ilikuwa na daftari. Siku hizi, kabla ya mgeni kupanda baiskeli, nusu ya malipo iwe imekwisha ingia kwenye nambari ya kikundi, si simu ya mtu binafsi.

Kugawana nako kuna taabu. Chukueni mfano tu wa hesabu. Tuseme mgeni analipa shilingi 3,000. Ukigawa yote kwa vijana waliofanya kazi siku ile, mwakani hamna baiskeli. Sisi tunatenga kwanza sehemu ya matengenezo, halafu ya leseni na bima, halafu ya akiba. Kinachobaki ndicho ujira. Kwa mfano huo, 600 za matengenezo, 300 za leseni na bima, 600 za akiba, na 1,500 za waliofanya kazi na chakula cha mgeni. Kijana mwenye njaa haipendi hesabu hii, hata sisi hatuipendi jioni ile. Lakini tairi mpya haijali njaa ya mtu.

Na akiba ni ya nini? Ni ya siku ambazo meli haiji. Kuanzia Mei bandari hunyamaza. Tena kuna miaka ya kiangazi kikuu. Maharamia wa Somalia walipovamia meli hapo nyuma, na mwaka 2009 wakaishambulia hata meli ya watalii MSC Melody, meli nyingi zilikwepa maji ya huku kwetu. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona, meli zikasimama dunia nzima. Hakuna kijana wa Mombasa aliyesababisha hayo, lakini ni yeye aliyelala njaa. Kwa hiyo siku zisizo na meli tunakodisha baiskeli kwa wakazi, tunapeleka mikate na maji madukani, na tunafundisha wasichana kuendesha. Kazi hizi zina faida ndogo, lakini zinakuja kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Labda mnasema, sisi tunakaa Kwale, au Taita, au Kakamega, hatuna meli. Tunawakumbusha kwamba hata boda boda ilianzia kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960, watu wakivushana kati ya Kenya na Uganda. Hawakungojea mtu awaletee mradi. Waliona watu wana haja ya kuvuka, nao wana baiskeli. Angalieni kwenu: nani anapita, ana saa ngapi, na anahitaji nini? Pengine ni mgeni wa msitu, pengine ni mwalimu anayekwenda mbali. Anzeni na baiskeli tatu. Msikope za ishirini.

Yetu ni hayo. Mkija Mombasa siku isiyo na meli, tutawatembeza ninyi pia, na kahawa chungu mtaionja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mradi wetu unategemea mteja wa aina moja tu? Asipokuja miezi sita, tutakula nini?
2. Kuna mtu anayetudai au tunayemdai? Karatasi yake iko wapi, na nani anaitunza?
3. Kabla ya kuanza kazi yetu, tuliwauliza majirani inawagusa vipi?
4. Katika kila shilingi 100 tunazopata, ni ngapi zinazobaki kwa matengenezo na akiba?